Mama Hafungui

Kusoma mita za maji ni kazi nyepesi, ukiacha jambo moja: lazima mtu akufungulie. Mita yenyewe haina maneno. Unafunua kifuniko, unapangusa kioo kwa kidole, unaandika tarakimu, unaaga. Lakini tangu yule mtu apite katika mji ule, Bwana Mita, kama mtaa mzima ulivyozoea kumwita, alikuwa akimaliza asubuhi zake akithibitisha kwamba yeye si muuaji, na mchana anavuka barabara kwenda kuthibitisha hilo hilo upande wa pili.

Alikuwa na utaratibu wake. Akishagonga, anarudi nyuma ili aonekane mzima mzima kwenye tundu la mlango. Kitambulisho anakiinua karibu na sikio, sura na picha vilinganishwe. Mikono yote nje. Ndani anasikia minong'ono, kiti kinaburutwa, mtu anapanda, jicho linachungulia. Anaulizwa anatoka wapi, anajibu mamlaka ya maji. Anaulizwa msimamizi wao anaitwa nani, anamtaja. Kisha linakuja lile jibu ambalo angelipata hata usingizini: "Hata yule alijua majina."

Wengine walimpiga picha kupitia dirishani wakawatumia waume zao. Wengine walisema watasoma wenyewe, basi yeye anasimama juani akimsubiri kikongwe apapase hadi uani, arudi amesahau tarakimu ya katikati, aende tena. Kuna bwana mmoja alimsomea tarakimu zile zile mwezi baada ya mwezi, bila aibu, kana kwamba nyumba ile yenye watoto kama njugu haikuwahi kunywa hata tone. Bwana Mita aliandika. Angefanya nini? Aruke ukuta?

Yule mtu magazeti yalimpa jina, yakamwita Mgeni wa Mchana. Alikuwa akivaa kizibao cha buluu na kofia kama za watu wa maji, anabisha hodi mchana, nyumba zikiwa hazina watu wengi. Aliua wanawake, mmoja baada ya mwingine, mitaa tofauti, kabla hajakamatwa. Alishtakiwa, akafungwa maisha, na mwisho akafia gerezani kwa maradhi, kitandani, amefunikwa shuka kama mtu wa heshima. Mifupa yake imeshaoza, lakini mji mzima bado unamfungia mlango, na anayebaki nje ya mlango huo ni Bwana Mita.

Dada yake mkubwa alikuwa miongoni mwa waliouawa. Redioni huitwa "wa tano". Nyumbani alikuwa wa kwanza, kifungua mimba wa mama yao, na baada yake alikuja Bwana Mita, basi, tumbo likafunga. Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Hakuna mtoto aliyepita mbele ya cherehani yake kifungo kimelegea asiitwe, ashikwe sikio, ashonewe bure huku akisemwa. Siku ile alikuwa peke yake nyumbani. Mama alikuwa kanisani kwenye maombi ya akina mama, na aliporudi alikuta mlango wazi.

Kwa nini dada alifungua? Bwana Mita alikuwa na jibu lake na hakumwambia mtu: aliona kizibao kama cha mdogo wake. Alidhani aliyebisha anafanya kazi naye. Ndiyo maana kila asubuhi yeye alikivaa chake kama mtu anayevaa nguo yenye miiba. Watu walimwuliza kwa nini haachi kazi ile. Aliwajibu kwamba watoto hawali huzuni, akaendelea kupiga rangi viatu vyake.

Mama alikataa kuhama. Alisema kama Mungu anamtaka, anajua anapokaa. Badala ya kuhama, alimwita fundi, na mlango ukapata komeo juu, komeo katikati, komeo chini, kufuli, na pau la chuma la kukingama. Kanisani aliacha kwenda. Ibada aliisikiliza redioni, amekaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Miaka ilivyokwenda, ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimfunga macho yote mawili, magoti nayo yakagoma, na ikawa mtu pekee aliyefunguliwa ni mwanawe, naye si kwa sura bali kwa wimbo. Akigonga, sauti ilitoka ndani: "Imba." Hapo aliimba ubeti wa pili wa wimbo ambao dada alipenda kuuimba cherehanini, na makomeo yalianza kulia moja moja. Kizibao alikuwa amekwisha kukivua na kukikunja mfukoni.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Kila akitoka kazini anampitia mama, anampa chakula, anampa dawa, anachota maji, anasoma Zaburi moja, anarudi kwake. Angeweza kuendelea hivyo mpaka mmoja wao azikwe, kama si henia. Kuinua vile vifuniko vya chuma miaka nenda miaka rudi kulimchana ndani, likatokea uvimbe kinenani. Daktari aliubonyeza, akamwambia apasuliwe mapema, kwa sababu utumbo ukinaswa hapo hakuna tena mjadala. Na baada ya kupasuliwa, alale, asitembee mitaani, asiinue hata ndoo.

"Na mama yangu?" aliuliza.

Daktari alimwuliza kama hana mke.

Mke alikuwapo, tena mke na nusu. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa sauti ya kuita ukumbi mzima wa watoto waje kula, na mdomo wake haukuwa na komeo hata moja. Alikubali bila kusita kumhudumia mama mkwe. Kilichobaki ni mama kumfungulia, na hapo ndipo Bwana Mita alipojua kwamba milango yote aliyofungiwa mjini ilikuwa mazoezi tu.

"Mkeo nampenda," mama alisema. "Chakula chake nakila, na kwenye maombi namtaja. Ila ndani namjua, mlangoni simjui."

"Atakuimbia, mama. Ubeti ule ule."

"Wimbo mtu hujifunza."

"Basi nimpe funguo."

"Funguo mtu huibiwa."

Kila alichotoa kilikuwa na jibu, na majibu yote yalikuwa ya kweli, ndilo lililomchosha. Alitaka kumwambia kwamba akiendelea kufikiri hivyo hata malaika wa mauti itabidi apitie dirishani, lakini alijizuia, maana ni mama.

Akaamua kumfundisha mkewe. Alimsimamisha jikoni kwao, yeye akajifungia chumbani, akawa ndiye mama. Alimwambia agonge taratibu, si kama anadai kitu. Kwanza ampe shikamoo, kwa unyenyekevu, maana mkwe hawezi kuanza kumwimbia mama mkwe hata salamu hajatoa. Kisha aombe radhi kwa kumsumbua. Kisha ndipo aimbe.

"Miaka yote hii mimi mkwe wake, nimezaa, nimenyonyesha," mke alisema upande wa pili wa mlango, "leo nafanyiwa usaili."

"Sauti ishushe."

"Nikiishusha zaidi nitakuwa nimenyamaza."

Alikwenda mara ya kwanza. Aligonga taratibu, akatoa shikamoo laini ambayo hata mwenyewe hakuijua ilikotoka, akaomba radhi, akaimba. Watoto waliokuwa wakicheza barabarani walisimama kumtazama.  Sauti kutoka ndani ikasema, "Nenda salama, mwanangu," basi. Alirudi na chakula chake, akakitua mezani mbele ya mumewe kwa kishindo kilichosema yote.

Wakarudia mafunzo. Bwana Mita alidhani kasoro ni unyenyekevu kutotosha. Aliongeza "samahani" nyingine. Akamwambia apige goti hata kama mama haoni, maana unyenyekevu husikika. Mke alimtazama kama anavyotazama sufuria iliyoungua, lakini alikwenda, akapiga goti kwenye saruji, akanyenyekea. Mara hii hakupata hata ile "nenda salama". Alisikia pau la chuma likisukumwa zaidi.

Tarehe ya upasuaji ikaahirishwa. Msimamizi wake alimpa kazi ya mezani, akaifanya siku chache, mwenzake akaugua, akarudishwa mitaani. Uvimbe ulikuwa unakua. Usiku alimwomba Mungu kwa maneno ambayo mchungaji wake asingeyapenda. Alimwambia: Bwana, mtu umemwondoa, mbona makomeo umeyaacha?

Siku moja mama akalainika. Alisema atalifikiria, pengine mkewe aje naye, aje tena naye, mpaka sikio lizoee. Bwana Mita alitoka pale miguu haigusi chini. Na wiki ile ile redio ikaanza.

Kila mwaka ulipofika mwezi ule, redio ilirudia kipindi cha Mgeni wa Mchana, kwa ngoma za kutisha na mlio wa mlango unaofunguka polepole. Ndiyo redio hiyo hiyo iliyorusha ibada, na mama hakuwa na macho ya kutafuta nyingine. Aliketi akisubiri neno la Mungu, akapata sauti ya mtangazaji kijana akieleza, kama anayeonja mchuzi, jinsi "wa tano" alivyofungua mlango. Siku iliyofuata Bwana Mita aliimba beti zote za wimbo ule, hata zile ambazo hakuna mtu anayezikumbuka, ndipo akafunguliwa. Habari ya mkewe haikutajwa tena.

Alikwenda redioni akiwa na kizibao chake mwilini. Mlinzi alimfungulia bila kumwuliza hata jina, akadhani amekuja kwa ajili ya mita. Katika mwaka mzima ule ndio ulikuwa mlango wa kwanza kumfungukia bila maneno.

Mtangazaji alikuwa mkarimu. Alimvutia kiti, alimpa pole, na aliposikia yeye ni nani macho yakamwaka, akauliza kama angekubali kurekodiwa kidogo tu. Bwana Mita alieleza kwa upole alichokuja kuomba: kipindi kisipigwe kabla wala baada ya ibada, kuna mama mzee anasikiliza. Mtangazaji alisikitika sana, akasema wasikilizaji wanakipenda, na zaidi ya hapo kinawafundisha watu usalama.

"Kinawafundisha kunifungia mimi," Bwana Mita alisema. "Yule amekufa. Unajua alikopenda kukaa, unajua alipenda chai ya namna gani, umesema hewani. Dada yangu alikuwa akifanya kazi gani?"

Mtangazaji alivuta rundo la karatasi. Akasema ni muda mrefu, lakini ataangalia kwenye maandishi yao.

Bwana Mita aliondoka. Mlinzi alimwuliza mita imesoma ngapi.

Haikupita muda, utumbo ukanaswa. Alikuwa ameinama kufunua kifuniko nje ya geti fulani, akasikia kitu kimekaza ndani kama kamba iliyofungwa na mtu mwenye chuki. Alianguka chini akatapika. Aligonga geti kwa kisigino maana mikono ilikuwa imeshika tumbo. Jicho lilikuja kwenye tundu, likatazama, likatazama tena. Alisema anakufa, aitiwe gari. Sauti ya kike, yenye hofu ya kweli wala si ya dharau, ilimjibu: "Hata yule alikuwa na mbinu nyingi, kaka. Nisamehe." Akasikia hatua zikirudi ndani.

Aliyemwokota ni dereva wa lori la taka, mtu anayefahamiana na mageti yote ya mji kwa harufu. Alimpandisha mbele, akapiga honi mpaka hospitalini, njia nzima akilalamika kwamba siku hizi mtu akitaka msaada, bora ajifanye gunia la takataka, angalau atachukuliwa. Bwana Mita alitaka kucheka, akashindwa. Alichoweza kusema kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji, mkewe alipofika mbio na aproni bado kiunoni, ni neno moja tu: "Mama."

"Mama nini? Wewe pona kwanza," mkewe alisema, na mlango ukafungwa kati yao.

Alipozinduka, aliona dari, kisha chupa ya maji ya mishipa, kisha mkewe amekaa kando ya kitanda, viatu amevivua, miguu imevimba. Nje palikuwa na mwanga. Ilikuwa siku ya pili. Swali lake lilikuwa usoni, hakuhitaji kulisema.

"Amekula," mke alisema. "Na dawa amemeza. Usinyanyuke."

Akamweleza. Alisema aliondoka hospitalini akiwa hajui kama mume atapona, akapitia nyumbani kuchukua chakula, na alipofika kwenye mlango ule hakuwa na shikamoo hata moja iliyobaki mwilini. Aliupiga kwa kiganja. Mafunzo yote yalimtoka. Alimwambia mama mkwe wake kwamba mwanawe amepasuliwa, yuko hai, hali yake wanaijua madaktari na Mungu. Kwamba yeye hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Kwamba chakula hiki hapa kinapoa, na kama mlango haufunguliwi atakila mwenyewe pale pale kizingitini, na bakuli ataondoka nalo, na kesho harudi, mama akitaka aimbiwe amwite kwaya.

"Ulimwambia hivyo mama yangu?"

"Na mengine sikwambii, umeshonwa."

Ndani kiti kiliburutwa. Kisha komeo la juu likalia. Mke hakunyamaza, alikuwa ameshashika kasi. Aliendelea kufoka wakati la katikati linafunguka, akafoka wakati kufuli linatafutwa tundu, na pau lilipoondolewa alikuwa bado anauliza ni mtu gani anayemfungia mkwe kama anamfungia mbuzi. Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amesimama ameshika fremu, anatabasamu.

"Ni wewe," alisema.

"Ulitaka awe nani?"

"Yule asingeweza kunisema hivi. Yule alikuwa na adabu."

Walikula pamoja, na mama akamweleza mkwe jambo ambalo mwanawe hakuwahi kuambiwa. Siku ya hukumu mahakamani, mwanawe alikuwa ametoka kumtafutia maji ya kunywa. Askari walikuwa wakimpitisha yule mtu ukumbini, mikono ina pingu. Alipofika mbele ya mama alisimama, akainamisha kichwa kama mtoto aliyelelewa vizuri, akamwambia, shikamoo mama. Na mdomo, kabla akili haijafika, ukaitikia wenyewe.

"Akaitikia?" Bwana Mita aliuliza.

"'Marahaba, mwanangu.' Hivyo ndivyo alivyomjibu. Anasema alitaka kulirudisha neno mdomoni, halikurudi." Mke alivuta shuka la mumewe, akalinyoosha mahali ambapo halikuwa limekunjana. "Anasema hata dada alifungua kwa sababu hiyo. Jirani aliyesikia alisema mahakamani kwamba yule alibisha kwa upole, akaomba radhi kwa usumbufu. Na mama ndiye aliyewafundisha nyinyi kwamba mwenye hodi nzuri hakatazwi. Tangu siku ile, anasema, akisikia shikamoo nyuma ya mlango mwili wote unakufa ganzi."

Bwana Mita alilala akitazama dari. Alikumbuka jikoni kwao, yeye chumbani akimfundisha mkewe kunyenyekea, ashushe sauti, aongeze samahani, apige goti. Kila salamu aliyoiweka mdomoni mwa mkewe ilikuwa imekwenda kule kukaza pau la chuma. Na kizibao? Mama hakukitaja kizibao kabisa. Miaka yote hiyo amekibeba yeye peke yake, na yule kikongwe amekaa na neno lake moja upande wa pili wa mlango, kila mtu na mzigo wake, wakisomeana Zaburi.

Machozi yalimtoka, yakaingia masikioni, na kwa kuwa alikuwa chali hakuweza hata kuyafuta vizuri. Alianza kucheka pia, mshono ukamkemea. Mkewe alimwambia achague moja.

"Nitakwenda nizungumze naye," alisema.

"Utakwenda ukiweza kutembea. Na hajabadilika, usije ukadhani ni muujiza. Mchungaji kaja leo asubuhi kumpa pole, kasalimia vizuri, kaachwa nje na Biblia yake. Nimemfungulia mimi." Aliinama kutafuta viatu vyake chini ya kitanda. "Tena ananiagiza. Vitunguu nikate vidogo, sabuni ile si yenyewe, nisichelewe. Nimemwambia nina watoto wa watu wa kulisha, asubiri zamu yake."

"Akasemaje?"

"Akasema nipunguze kelele, majirani watadhani tunagombana."

Muuguzi alipita akisema muda wa kutazama wagonjwa umekwisha. Mke alisimama, akalalamika kuhusu miguu, akalalamika kuhusu komeo la chini, kwamba lina kutu, linamsumbua mama kuinama.

"Nikitoka nitalitia mafuta," Bwana Mita alisema.

"Nimeshalitia," mkewe alisema, akachukua kikapu akaenda.